Majani Tele, Matunda Hamna: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Dawa

Mama mmoja wa Ahero alinijia kitaluni kwangu Kiboswa, karibu na Kisumu, simu mkononi, jasho usoni. "Mwanangu, hebu ona nyanya zangu. Zimenifika kifuani, zimenona, lakini hata ya kachumbari sijachuma."

Nikaikuza ile picha. Shina lilikuwa nene kama kidole gumba. Majani mapana, kijani chake kimekolea hadi kukaribia weusi, na yale ya juu yamejikunja kuelekea chini kama kucha za kuku. Kichala kimoja kilikuwa na maua manne hafifu, na pale kilipopaswa kuishia kilikuwa kimechomoza jani dogo, kana kwamba mmea ulianza kuandika neno "tunda" ukabadili nia katikati.

"Mama, umezipa nini?"

"Samadi ya kuku, tena kwa ukarimu. Halafu mbolea ya CAN mara tatu. Si ninyi mliosema nyanya haitaki njaa?"

Hilo "ninyi" lilinigusa. Msimu wangu wa kwanza nilifanya yayo hayo, nikawaringia majirani kwa majani, mwishowe mbuzi ndio waliovuna. Mama alikuwa njiani kwenda agroveti kununua dawa ya kuita maua. Nikamwomba arudishe pesa kibetini kwanza, akae kwenye benchi, tuulizane maswali.

Mmea umekwama wapi?

Watu husema "haizai" wakimaanisha mambo matatu tofauti. Kuna mmea usiotoa ua hata moja. Kuna unaochanua vizuri kisha maua yakapukutika. Na kuna unaofunga kitunda, kikafika ukubwa wa njegere au wa yai, kikageuka manjano na kuoza. Dawa ya kuita maua haiwezi kuusaidia mmea ambao tayari una maua mia yanayoanguka, na nyuki hawawezi kuusaidia mmea usio na ua. Kwa hiyo usinunue chochote kabla hujajua uko kwenye kundi lipi.

Ingia shambani kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, uiname. Maua yaliyodondoka yaokote uyatazame. Ua la nyanya lililokosa kushika hukatikia kwenye kifundo kidogo kilicho katikati ya kikonyo, na kikonyo chenyewe huwa kimeanza kuwa manjano kabla ya kukatika. Ukikuta kimetafunwa, au ua lina tundu, hiyo ni kesi ya wadudu, ifungulie faili nyingine.

Dalili: majani yananawiri, maua ni haba au hayashiki

Jani hupika sukari. Naitrojeni, kile chakula cha majani kilicho ndani ya CAN na samadi, ikiwa nyingi, sukari hiyo haikai: huchukuliwa mara moja kujenga majani na mashina mapya, nayo majani mapya hudai naitrojeni zaidi. Ua, chavua na kitunda kichanga huishi kwa sukari iliyobaki. Ikiwa haikubaki, ua huja dhaifu au haliji kabisa.

Mwaka 1918 watafiti wawili wa chuo cha kilimo cha Oregon, Marekani, Kraus na Kraybill, walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa nyanya hii hii. Waliona hali nne. Mmea wenye naitrojeni lakini usio na sukari ya kutosha, kwa mfano uliofunikwa na kivuli, hudhoofika na hauzai. Wenye naitrojeni tele na sukari inayotumika yote katika kukua hunawiri na hauzai. Hii ndiyo nyanya ya mama wa Ahero. Wenye naitrojeni ya kiasi, sukari ikaanza kujilimbikiza, huzaa. Na ule wenye sukari nyingi lakini umenyimwa naitrojeni hukonda, ukawa manjano, na huo pia hauzai. Waliokuja baadaye walionyesha kwamba mizani ya sukari na naitrojeni peke yake haielezi yote, kwamba homoni nazo zina neno, lakini kwa mtu aliyesimama shambani zile hali nne bado ni ramani nzuri. Mimi huzitumia kila wiki.

Jambo ambalo wengi huliruka ni kwamba utasa upo pande zote mbili. Mtu akisikia "mbolea nyingi huzuia matunda" huenda akaunyima chakula mmea ambao tayari una njaa. Kwa hiyo pima kwanza. Kwa nyanya ndefu za kufungwa kamba, shuka sentimita 15 hivi kutoka kwenye ncha inayokua, utazame unene wa shina. Likiwa na kipenyo cha karibu sentimita 1, kama kidole kidogo cha mkono, mmea umetulia. Likizidi hapo sana, na majani ya juu yamejikunja kama kucha, umelewa. Likiwa jembamba kama mrija wa soda, kijani kimefifia, basi huo una njaa au mizizi yake imeumwa, ulishe na uichunguze mizizi.

Kwa uliolewa, acha naitrojeni yote: CAN, yurea, samadi, hata ile mbolea ya maji ya kunyunyizia majani. Jua pia kwamba samadi ya kuku haizimwi siku hiyo hiyo. Kuku hana mkojo wa peke yake, vyote hutoka pamoja, ndiyo maana kinyesi chake kina naitrojeni nyingi kuliko cha ng'ombe, na kitaendelea kuitoa udongoni kwa wiki kadhaa. Punguza maji, lakini usiuache mmea unyauke ndipo uufurikishe. Kubabaisha maji namna hiyo huleta nyanya zinazooza kitako. Vichipukizi vya kwapani ving'oe vingali na urefu wa kidole. Majani yaliyo chini ya kichala cha kwanza unaweza kuyatoa machache, ila usiingie na panga la hasira. Mmea uliofyekwa ghafla hujibu kwa kuchipua majani mengine, na utakuwa umerudi ulikotoka.

Majivu ya jikoni yana potasiamu, na konzi moja kando ya shina haina ubaya kama udongo wako una asidi. Usiyachanganye na CAN wala samadi mbichi. Naitrojeni itapaa hewani kama amonia, utainusa mwenyewe.

Halafu linda kichala cha kwanza kama mboni ya jicho. Mwaka 1926 mtafiti mwingine wa Marekani, Murneek, alionyesha kwamba matunda ya nyanya yenyewe ndiyo breki ya majani: yakishika, yanavuta chakula na ukuaji wa shina hupungua, yakiondolewa, mmea hurudia kunenepa. Hii ndiyo sababu shamba lililopoteza vichala viwili vya kwanza huharibika zaidi na zaidi. Vitunda viwili vitatu vikishika tu, kazi iliyobaki mmea huifanya wenyewe.

Mama alinipigia wiki ya tatu. Vichala vya chini vilikuwa vimepotea, hakuna namna. Cha nne kilikuwa kimeshika vitano. "Na ile dawa ya maua, mwanangu, ninunue sasa?" Nikamwambia anunue kamba.

Dalili: maua yapo, yanang'aa, lakini yanaanguka

Hapa acha kulaumu mbolea hadi uangalie chavua. Zima simu, kioo kiwe cheusi. Kishike chini ya ua la nyanya lililofunguka vizuri, kisha uligonge ua kwa ukucha mara tatu. Vumbi la manjano likitua kwenye kioo, chavua ipo. Lisipotua lolote kwenye maua matano au sita, una tatizo la uume, tuseme hivyo, na mara nyingi chanzo ni joto au baridi.

Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850. Tofauti hiyo ya mita 700 ndiyo inayofanya ushauri wa binamu yako wa Bahati, Nakuru, usikufae wewe wa Kano, Kisumu. Nyanya hushika vibaya mchana ukizidi nyuzi 32 na usiku usiposhuka chini ya 21 au zaidi kidogo. Kati ya Januari na Machi uwanda wa Kano hugusa hali hiyo, na ndani ya banda la plastiki lisilo na madirisha ya juu ni tanuri. Angalia ua lenyewe: ukiona kile kijiti cha kike kimechomoza nje ya koni ya manjano, joto limepita hapo.

Cha ajabu ni kwamba joto haliliharibu ua siku linapofunguka. Chavua huharibika zaidi ikiwa bado inaumbwa, siku 8 hadi 13 kabla ya ua kuchanua. Kwa hiyo leo kukiwa na wingu na ubaridi, na maua yanaanguka, usijiulize leo kuna nini. Jiulize wiki moja na nusu iliyopita kulikuwaje. Nilipolielewa hili niliacha kubadilisha dawa kila Jumatatu. Maua ya leo nilishayapoteza kitambo. Ninachoweza kukiokoa ni ya wiki ijayo, kwa kufungua pande za banda, kutandika nyasi kavu chini, na kutundika wavu wa kivuli mchana.

Nakuru shida ni kinyume. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 13, chavua huwa chache na dhaifu, na Juni hadi Agosti usiku wa namna hiyo ni wa kawaida, Molo ndiyo usiseme. Huko maua mengine hayaanguki. Hushika, lakini tunda hutoka na mikunjo na makovu kama ngumi iliyofungwa, likikatwa lina mbegu kidogo.

Chavua ikionekana kwenye kioo cha simu na maua bado yanaanguka ndani ya banda, basi haifiki inakotakiwa. Ua la nyanya huficha chavua ndani ya ile koni na huiachia likitikiswa. Nje upepo hufanya kazi hiyo, na nyuki wa porini wanaovuma wakiwa wameling'ang'ania ua. Nyuki wa asali hajui mtikiso huo. Pita asubuhi umande ukishakauka, gonga kamba moja moja kwa kijiti, kila baada ya siku mbili. Siku ya unyevu mwingi, plastiki ikitiririka maji, usijisumbue, chavua imegandamana.

Maharagwe nayataja kwa ufupi. Yanajichavusha yenyewe kabla hata ua halijafunguka sawasawa, kwa hiyo nyuki si kisingizio. Yakiwa na majani hadi magotini na maganda matatu, uliyamwagia yurea yasiyoihitaji. Yana vinundu mizizini vya kujitengenezea naitrojeni. Ng'oa mmoja upasue kinundu: chekundu ndani kama nyama, kinafanya kazi.

Dalili: malenge au tikitimaji limetambaa shamba zima, maua mengi, kitunda kinaoza kingali kidogo

Nusu ya wanaokuja na tatizo hili hawana tatizo. Malenge hutanguliza maua ya kiume kwa wiki moja au mbili, hayo lazima yaanguke. Geuza ua utazame shingo yake. La kike lina kitunda kidogo tayari nyuma yake; la kiume limekaa juu ya kikonyo chembamba tu. Ukiona ya kiume pekee baada ya mwezi mzima wa kuchanua, rudi kwenye naitrojeni. Ikizidi, pamoja na joto, huongeza ya kiume na kuchelewesha ya kike.

Maua ya kike yapo lakini kitunda kinaanza kuoza nchani? Ua halikupata chavua ya kutosha. Ua hufunguka alfajiri na kufikia adhuhuri limefungwa, kwa hiyo mtu anayepulizia dawa ya wadudu saa mbili asubuhi anawaua wakunga wake mwenyewe. Hamisha kazi hiyo iwe jioni. Ukiwa na mimea michache, chuma ua la kiume kabla ya saa tatu, lichune petali zake, ulipake ndani ya la kike kama unayepaka mafuta ndani ya kikombe. Ua moja la kiume linatosha mawili ya kike.

Kuna jambo hapa ambalo mama zetu wa Vihiga na Kakamega walilifanya bila kulipa jina. Wao huchuma ncha changa na majani kwa mboga, seveve. Kuvunja ncha hulazimisha matawi ya pembeni, na matawi ya pembeni ndiyo hubeba maua ya kike zaidi. Malenge ya shangazi yaliyoachwa huru yalikuwa na majani ya kutosha kuezeka nyumba; yale yaliyovunjwa ncha kila Jumamosi ndiyo yaliyozaa. Ila ukichuma kila siku hadi mmea ubaki na mbavu, umeondoa jiko lote la sukari.

Mwenye tikitimaji lisilo na mbegu ajue kwamba mmea huo una seti tatu za kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi), chavua yake haifai kitu. Lazima upande tikitimaji la kawaida kandokando, la sivyo utakuwa na majani na maua mpaka msimu uishe.

Dalili: mpapai umefika dirishani, umejaa maua, papai hakuna

Tazama maua yananing'inia vipi. Yakiwa madogo, mengi, kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia mbali na shina, huo ni mpapai dume na hakuna mbolea itakayoubadilisha. Maua manene yaliyoshikamana na shina ni ya kike au ya jinsia mbili. Mbegu za papai lililotokana na jike na dume hutoa nusu kwa nusu, ndiyo maana hupandwa miche mitatu shimo moja, ikachujwa ikishaonyesha maua. Ukipanda mbegu za papai la jinsia mbili lililojichavusha, theluthi mbili hutoka jinsia mbili na theluthi jike, dume hakuna.

Lakini hata mpapai wa jinsia mbili hubadilika tabia. Kwa joto kali na ukame, na pia naitrojeni ikipungua, sehemu ya kike ya ua husinyaa na ua hubaki kuwa dume kwa vitendo. Utaona shina lina pengo refu lisilo na papai kati ya mafungu mawili ya matunda. Hilo ni pengo la Februari ya Kisumu. Kukiwa na baridi, maji mengi na naitrojeni nyingi, kinyume hutokea: sehemu za kiume hugeuka na kuungana na ovari, likazaliwa papai lililokunjamana kama uso wa paka. Hayo nimeyaona zaidi upande wa Nakuru. Kwa hiyo kanuni yangu ya nyanya haihamii hapa nzima nzima. Mpapai wenye pengo unaweza kuwa unaomba maji na chakula.

Dalili: mti mkubwa wa parachichi au embe, miaka inapita

Swali la kwanza: ulipandwa kwa mbegu au kwa kupandikiza? Mti uliotoka kwenye mbegu una utoto wake, na katika utoto hauwezi kuchanua hata uuchinjie mbuzi. Parachichi la mbegu linaweza kukuweka miaka mitano, kumi, au zaidi. La kupandikizwa huanza karibu mwaka wa tatu, kwa sababu kijiti kilichopachikwa kilitoka kwenye mti uliokwisha balehe. Mimi niliuziwa miche kumi ya "kupandikiza" na muuzaji wa kando ya barabara. Kovu lilikuwepo. Baada ya mwaka mmoja niligundua ni mkato wa kisu tu, umefungwa nailoni kwa mapambo. Kovu la kweli lina magome mawili yanayotofautiana rangi juu na chini, na shina huwa na goti dogo hapo.

Mti ukiwa umebalehe, uchanue halafu upukutishe, tulia kwanza. Hata kwenye parachichi zuri, chini ya ua moja kati ya mia huwa tunda. Lakini tazama ncha ya kichala chake: mara nyingi humalizia kwa chipukizi la majani, na chipukizi hilo likikua haraka wakati vitunda ni kama vichwa vya njiti za kiberiti, linavinyang'anya chakula navyo huanguka. Kuweka naitrojeni mti ukiwa kwenye maua ni kumpa mwizi ngazi. Subiri vitunda vikae.

Halafu kuna ratiba ya ua. Ua la parachichi aina ya Hass hufunguka likiwa jike asubuhi, hufunga, kisha kesho yake mchana hufunguka likiwa dume. La aina ya Fuerte huwa mchana jike, kesho asubuhi dume. Ukiwa na Hass peke yake kilimani, chavua na kinywa hukutana kwa bahati tu, ingawa ubaridi huvuruga ratiba na kuwapa nafasi. Fuerte moja uani kwa jirani yaweza kukuokoa.

Embe hutaka kupumzika. Ncha ya tawi lazima ikomae miezi kadhaa bila kutoa majani mapya ndipo itoe maua, na kinachoilazimisha ni kiangazi au ubaridi. Kandokando ya ziwa mvua haijui kukata, mti unachipua majani yale mekundu laini mara kwa mara, na kila chipukizi jipya linaanzisha hesabu upya. Ukiumwagilia na kuuwekea samadi wakati wa kiangazi kifupi tulicho nacho, umeifuta ile likizo. Na maua yakija wakati wa mvua, ukungu huyachoma yakawa meusi.

Babu yangu aliutisha mti. Aliuendea na panga, akauambia usipozaa mwaka huu utakuwa kuni, akaupiga mikato kadhaa kwenye gome. Ulizaa. Si kwamba mti ulisikia vitisho: gome likikatwa, sukari iliyokuwa ikishuka mizizini hukwama juu, matawini, mahali maua yanapoanzia. Mti wa pili aliupiga kwa kuuzunguka wote, ukafa. Mimi sikati shina kamwe.

Dalili: karakara (pasheni) imefunika uzio wote na haina tunda

Fuata mtambaa hadi chini ardhini. Huku kwetu karakara ya zambarau hupandikizwa juu ya shina la karakara ya manjano kwa sababu ya ugonjwa wa mnyauko. Kijiti cha juu kikifa bila wewe kujua, shina la manjano hupanda lenyewe, lenye nguvu za ajabu. Nalo halikubali chavua yake mwenyewe, wala ya mwenzake aliyekatwa kwenye mmea ule ule. Linachanua mwaka mzima kama bibi harusi asiye na bwana. Maua yakifunguka karibu na adhuhuri badala ya asubuhi, umeshapata jibu. Tafuta mche wa manjano wa ukoo mwingine, na usiwafukuze wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa. Hao ndio wenye mwili wa kufikia chavua.

Mmea hauna ua kabisa, na umeshajaribu yote

Huenda unaungoja ubaridi usiokuja. Pareto ya Molo ikiletwa Kisumu itakuwa majani tu, kwa kuwa inahitaji siku kadhaa za ubaridi, chini ya nyuzi 16 hivi, ili ianzishe maua. Sukuma wiki nayo hungoja ubaridi vivyo hivyo. Huku chini hukua ikawa mti wa kufika begani bila kutoa ua, ndiyo maana tunaipanda kwa vichipukizi. Urefu wa mchana usiulaumu haraka: hapa ikweta inapita Maseno, mchana una urefu wa saa 12 hivi mwaka mzima, karibu haubadiliki. Laumu mbegu iliyotengenezewa nchi za mchana mrefu.

Na kuna isiyo na ugonjwa wowote. Ndizi tunayokula kwa kawaida ina seti tatu za kromosomu, haizai mbegu na hatuitaki izae. Viazi vitamu vya Kabondo vikichanua bila mbegu, ni kwa sababu aina nyingi hukataa chavua ya ndugu zake. Shida yako iwe ni marando marefu na viazi vyembamba chini, na hapo tena ni naitrojeni. Kitunguu saumu hujaza kichwa cha ua vitunguu vidogo vinavyoyasonga maua yenyewe hadi yakauke.

Mwisho alikuja kijana na malalamiko ya kinyume: saga yake, ile mboga ya kienyeji, inachanua mapema, majani yamekuwa madogo na machungu. Nikamwambia apite kila baada ya siku chache avunje vichwa vya maua kwa ukucha, kwenye saga na kwenye managu pia, chakula kibaki majanini, avune wiki nyingi zaidi. Mistari miwili aiache ichanue apate mbegu.

"Ipi niiache?"

"Iliyochelewa kuchanua."